Maua ya Kahawa Hayangoji Simu Mpya

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikikata sare za kwaya katika kibanda changu cha ushonaji hapa Thika, simu yangu ndogo ya vibonyezo ikalia. Alikuwa baba yangu, akipiga kutoka Ruiru. Baba hakuwa mtu wa salamu ndefu. Aliamini kila "habari" inakula kredito, na kredito haioteshwi shambani.

"Maitu," akasema, "kahawa imetoa maua. Shamba lote ni nyeupe. Kuja Jumapili na hiyo simu ya picha."

Maitu ni "mama yangu" kwa Kikuyu. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama yake baba, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo baba aliniita mama yake tangu nikiwa mchanga mpaka nikawa na watoto. Hata aliponikemea alinikemea kwa adabu, maana ni nani anayempigia mama yake kelele?

"Baba, simu bado sijanunua," nikamjibu.

"Si ulisema unanunua?"

"Nangojea ile inatoka mwezi ujao. Wanasema kamera yake ni kali sana."

"Wanasema akina nani?"

"Watu wa kwa mtandao."

Kisha akauliza, pole pole, kama mtu anayetaka kuelewa kweli: "Hao watu wamewahi kuniona mimi?"

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka nikaendelea kukata kitambaa. Leo ukiniuliza ni kicheko gani maishani ningekirudisha kooni kama ningeweza, ni hicho.

Acha nikueleze picha aliyoitaka. Baba alikuwa mpogoaji wa miti katika shamba moja kubwa la kahawa kule Ruiru, na mama yangu alikuwa kibarua wa kupalilia na kuchuma katika shamba hilo hilo. Walionana mara ya kwanza kwenye mstari wa saba ukihesabu kutoka mferejini, miti ikiwa imechanua. Mama alitutoka nikiwa darasa la sita. Picha yake iliyobaki ni ile ya kitambulisho, uso umefifia mpaka unabaki kumjua kwa kilemba. Kila mwaka kahawa ilipochanua, baba alivaa koti lake la kanisani akaenda kusimama kwenye mstari ule kidogo, peke yake, akarudi. Hata alipostaafu, wenye shamba walimwachia chumba chake katika nyumba za wafanyakazi, naye akaendelea kwenda. Hakutuambia alikuwa akifanya nini pale, na sisi hatukuuliza.

Mwaka ule zilikuwa zimeanza fununu kwamba shamba limeuzwa, miti itang'olewa, ardhi ikatwe ploti. Baba akataka kitu kimoja tu kwangu: picha yake akiwa amesimama kwenye mstari wa saba, maua yakiwa juu ya miti. Alisema, "Siku nikija kukaa kwenu huko mjini, kwa nyumba za mawe, nije na shamba langu."

Na maua ya kahawa, kama hujawahi kuyaona, hayana subira. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, yanajifungua yote kwa pamoja. Unaamka asubuhi unakuta shamba zima limevaa kanzu, na harufu yake inakufuata mpaka jikoni. Siku tatu, ukibahatika nne, yamekauka. Hayo baba aliyajua, na mimi niliyezaliwa humo niliyajua.

Basi kwa nini sikuwa na simu? Si kwamba sikuwa na uwezo. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, lakini mtu akisema "kijana" njiani bado nilikuwa nageuka, na kama vijana wote nilitaka nikinunua, ninunue ile ambayo hakuna mtu atanicheka nayo. Jirani na kibanda changu kulikuwa na saiba. Kila saa ya chakula niliacha cherehani, nikaenda kukaa mbele ya kompyuta, nikatazama vijana wanaochambua simu. Mmoja alisifu kamera akaponda betri. Wa pili akasifu betri akasema kamera inapiga watu kama wamepakwa unga. Wa tatu alikuwa na sauti tamu, na kila simu aliyoifungua kwenye kasha aliimaliza kwa kusema ngojeni, toleo lijalo litakuwa bora zaidi. Nikawa nasoma pia maoni ya wenye simu hapo chini: huyu anaabudu, huyu analia, huyu anatukana.

Yote niliyaandika katika daftari langu la vipimo. Nimelihifadhi mpaka leo. Ukurasa mmoja una kiuno na mabega ya wateja, unaofuata una megapikseli. Miezi mitatu! Ningeweza kufanya mtihani nikapita.

Na hapa ndipo ninapojionea aibu, kwa sababu kazi yangu yenyewe ilikuwa inanifundisha kila siku. Mteja huja na picha ya nguo, ananiambia, "Mama Shiru, nataka hii hii." Namwambia, mrembo, hii ilikatwa kwa mwili wa mwingine. Njoo nikupime wewe. Nimesema hivyo mara ngapi? Lakini kwangu mwenyewe niliacha futi ya kupimia mezani nikaenda kuvaa vipimo vya watu ambao sijui wanaishi wapi wala wanampiga nani picha. Kweli nyani haoni kundule.

Ijumaa ile, baada ya baba kukata simu, aliingia Mama Brayo. Huyu alikuwa jirani yangu kule nyumbani, mtaa wa Kamenu, mtu wa Siaya, mfanyakazi wa kiwandani, na mdomo wake haukuwa na breki. Nikamsimulia. Akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa ya bei ya chini, kava limechakaa, na alikuwa ameitumia karibu miaka miwili.

"Si uchukue hii yangu uende nayo Ruiru?" akasema. "Mimi Jumapili nalala tu."

"Hiyo?" nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. "Hiyo kamera yake wanasema ni mbaya."

"Wanasema! Mimi nimepiga nayo harusi ya ndugu yangu, watu wakalia. Wee Mama Shiru, simu ni ya kupiga picha, si ya kuolewa nayo."

Nikamwambia asante, lakini baba yangu anastahili picha nzuri. Akanitazama, akairudisha mfukoni. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Haya, dada. Ni baba yako."

Jumapili ile sikwenda Ruiru. Nilijiambia maua yatarudi mvua ndefu ikianza. Na maua hurudi kweli, huo si uongo. Mti ndio haukunipa ahadi.

Simu mpya ilitoka, vijana wa mtandaoni wakaigombania, huyu hivi, yule vile, nami nikasubiri watulie. Hawakutulia. Mwishowe niliinunua nikiwa nimechoka kuliko nilivyofurahi. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Mvua ya Machi ilipoanza kunyesha nikampigia baba kwa furaha: "Baba, simu iko! Kahawa imechanua?"

Akasema, "Kuja tu, maitu."

Nilishuka Ruiru baada ya ibada, nikakata njia ninayoijua hata nikifumba macho. Nilipofika penye mfereji nikasimama. Hapakuwa na kitu. Udongo mwekundu ulikuwa mtupu mpaka mbali, miti imelazwa kwa marundo, mizizi inatazama juu, na vigingi vya mpimaji vimepigwa kila mahali. Hata harufu ilikuwa ya udongo tu. Matingatinga yalikuwa yameingia wiki mbili kabla, na baba hakuniambia.

Alikuwa ananingoja ukingoni, na koti lake la kanisani. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Akaomba aione simu. Akaigeuza mikononi, ile mikono iliyoshika makasi ya kupogolea miaka yote, akaipima uzito.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nyepesi."

Mwanangu, afadhali angenipiga kofi.

Kisha akasema, si kwa hasira, "Maitu, mchagua jembe si mkulima. Mimi nilipewa makasi ya mtu aliyekufa, yana kutu. Nikayanoa, nikapogoa shamba lote hili." Akanirudishia simu. "Haya. Nipige."

"Wapi, Baba? Miti haipo."

Akaenda mferejini, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, akiruka mashimo. Alipofika mahali fulani alisimama. Akafunga vifungo vya koti. Halafu akasogea hatua moja kulia, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, akanitazama.

Nilimpiga. Picha ile ninayo. Ukiivuta karibu unaona kila uzi wa koti, unaona nilipomrudishia kifungo kwa uzi usiofanana, unaona chozi ambalo sikuliona siku ile kwa sababu nilikuwa na yangu. Wale vijana hawakudanganya: kamera ilikuwa kali. Kila kitu kiko wazi kabisa isipokuwa kile alichoniomba.

Baba alikuja kukaa nami Kamenu, akaishi kwa mawe kama alivyosema, bila shamba lake. Sasa hayupo. Pale penye mstari wa saba pana gorofa, na nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. Mvua ikinyesha baada ya jua kali huwa naacha cherehani, natoka mlangoni kunusa hewa. Najua hakuna kahawa iliyobaki karibu. Natoka tu. Ninamkumbuka baba, na ninautamani uweupe ule, na nafsi yangu haitaki kuelewa kwamba nilikuwa navyo vyote viwili siku moja, kwa safari fupi tu ya kutoka hapa.

Nayasema haya kwa sababu juzi binti yangu Shiru alikuwa kwenye kochi, wiki ya sita sasa, anatazama watu wakifungua makasha ya simu. "Mum, huyu anasema hii iko sawa, lakini yule anasema nisichukue." Simu yake ina ufa kwenye kona ya kioo, anaionea haya. Nikamwambia, lete hiyo yenye ufa, twende kwa Mama Brayo. Mama Brayo amestaafu, anafunga mizigo arudi Siaya. Tulimpiga akiwa amekalia gunia la vyombo vyake, akicheka, mdomo wazi kama kawaida yake. Shiru akaitazama ile picha, akapitisha kidole juu yake. Ufa uko kwenye kioo. Kwenye picha haumo.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kuuliza, kuuliza si ujinga. Wasikilize wanaochambua, wanajua simu ikiwa mpya, imetoka kwenye kasha jana. Lakini ukitaka kujua itakavyokuwa ikizeeka, muulize mwenye kuitumia, tena yule anayeishi kama wewe, anayefanya kazi kama yako, anayeiangusha mahali unapoangusha yako. Naye umsikilize kwa sikio moja, kwa maana mtu aliyenunua husifu chake asionekane alikosea. Ukishasikia hao, rudi ujipime wewe. Jiulize unataka kumpiga nani, na huyo ana muda gani. Hilo hutalikuta kwenye video yoyote. Mimi nililiacha nje ya daftari langu.

Na kama jibu ni kwamba muda wake ni mfupi, azima. Usione haya ya kuazima simu ya jirani, yenye kava bovu, yenye picha kama za unga. Baba yangu mwenye unga usoni, katikati ya maua, ningempa fremu leo nikamtundika juu ya cherehani, na hakuna mteja ambaye angeniuliza megapikseli.

Ngai akurathime, mwanangu, Mungu akubariki. Akupe macho ya kuona kinachochanua mbele yako, na jirani asiyechoka kukuazima. Simu njema akupe pia, ukiitaka. Lakini kwanza akufikishe mstarini, miti ikiwa bado imesimama.