Wasifu Uliokwama Kwenye Kompyuta

Nilizunguka Tanga, Mwanza na Mbeya kabla ya kurudi kwetu Machame, ambako sasa ninasaidia ofisi ya usharika. Kila mji uliniachia kitu cha kujisifia, na kompyuta ni kimojawapo.

Juzi kompyuta ya ofisi ilijisasisha, ikajizima, kisha ikawaka na kioo cheusi chenye maandishi meupe tu. Aikande, binti wa usharika wetu, alikuwa amekaa hapo akisubiri. Wasifu wa marehemu baba yake, wa kusomwa mazikoni saa nane mchana, ulikuwa humo na haujachapishwa.

Nilizima, nikawasha. Nilibonyeza vitufe ninavyovijua, halafu nisivyovijua.

"Dada, sasisho limeharibu mfumo wote," nilimwambia kwa sauti ya daktari. "Andika upya kwa mkono."

Alianza kuyaandika maisha ya baba yake huku machozi yakidondokea karatasi. Ukurasa wa tatu kalamu ilimponyoka, akainama nyuma ya kompyuta kuiokota.

"Kaka, hiki kinachowaka taa ni nini?"

Ilikuwa flashi yangu. Niliichomeka asubuhi nisikilize muziki, nikaisahau, na kompyuta ilipojiwasha upya ikawa inatafuta mfumo humo badala ya ndani yake yenyewe. Aikande aliichomoa, nikawasha, na wasifu ukafunguka wote.

"Ina nini hii?"

"Nyimbo za zamani."

Aliniwekea kalamu mkononi. "Basi malizia hapa, kaka. Andika kwamba baba nusura achelewe kuzikwa kwa ajili ya nyimbo zako."