Dorkas na Mteremko wa Sekenke

Dorkas Petro alikuwa mchuuzi wa kuku pale Misigiri, na mwaka 1995 alikuwa na miaka thelathini na moja. Tangu biashara iachiwe huru na wanunuzi wa Dar es Salaam waanze kuja wenyewe, alizunguka vijiji vya Iramba kwa baiskeli, tenga la kuku nyuma, asubuhi hadi jioni. Kwenye njia ya tambarare hakukuwa na mwanamume wa kumpita akiwa na mzigo kama ule. Kilichomshinda ni mteremko.

Miaka minane nyuma alikuwa akishuka mlima Sekenke kwenda Shelui, raba ya breki ikachomoka kona ya tatu. Alivunjika mfupa wa bega, na tenga likaenda bondeni na kuku wote. Maumivu aliyasahau. Hakusahau jinsi baiskeli ilivyozidi kukimbia wakati yeye ameshaamua kusimama. Baada ya hapo, akitaka kwenda Shelui aliomba nafasi kwenye lori, akafumba macho kwenye kona zote, kushuka na kupanda.

Mwezi wa tano shemeji yake Melkizedeki, mume wa dada yake na fundi baiskeli wa pale stendi, alimletea habari. Wafanyabiashara wa alizeti walikuwa wameandaa mashindano matatu ya baiskeli ya njia mbovu, na safari hii wanawake wangekuwa na mbio zao. Agosti Iguguno, Septemba Kiomboi, Oktoba kutoka Misigiri kushuka hadi Shelui. Atakayefanya vizuri zaidi kwa jumla atapewa baiskeli mpya. Melkizedeki alikuwa na baiskeli ya gia aliyoitoa kwenye mitumba, akasema ataitengeneza. Wakapanga mazoezi ya Juni na Julai: Jumatatu kwenda mbali dhidi ya upepo, Jumatano vilima, Alhamisi Sekenke. Dorkas aliitikia yote. Siku ile hakuweza kumaliza chakula.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Upepo uliingia hadi kwenye mifupa, na Dorkas alivaa sweta mbili na kuvuta soksi mikononi. Baridi yenyewe aliizoea. Shida ni kwamba vidole vilikufa ganzi, na mtu asiyesikia vidole vyake hajui ameshika breki kwa nguvu gani. Alhamisi ya kwanza alifika juu ya mlima, akatazama barabara inavyokunja na kupotea, akageuza. Nyumbani akasema ameshuka. Melkizedeki aliinamia magurudumu, akaziangalia breki.

"Shemeji," alisema taratibu, "raba hizi hazijaguswa."

Akachukua spana, akaendelea na kazi yake, na Dorkas aliona aibu kuliko kama angegombezwa. Alhamisi iliyofuata alishuka hadi kona ya kwanza, akapanda akisukuma. Alhamisi ya tatu, kona ya pili. Kila mara alirudi nguo za ndani zimelowa jasho, na baridi yote ile.

Alhamisi ya nne ndiyo siku yenyewe. Alikuwa kati ya kona ya pili na ya tatu, mikono migumu kama kuni, aliposikia honi juu yake. Haikukatika. Alijua maana yake kabla hajageuka: lori halina breki. Kushoto kwake palikuwa na bonde, kulia mfereji wa maji chini ya ukuta wa mlima. Akajitupa kulia na baiskeli yake. Lori likapita na upepo wake, limejaa magunia ya alizeti, likaenda kujikita kwenye lundo la udongo pale konani. Kisha pakawa kimya.

Dorkas alitambaa kutoka mferejini. Halafu akasikia mtu akiita. Dereva, mtu mzima aitwaye Antipasi, alikuwa peke yake, mguu umebanwa chini ya usukani na damu inatoka. Dorkas alivua kitenge alichojifunga kiunoni, akaufunga mguu kwa nguvu. Antipasi alimshika mkono.

"Dada, nilikuona," alisema. "Nikajua nimeshakuua."

Hakuna gari lililotokea. Kurudi Misigiri kulikuwa mbali, tena kwa kupanda. Zahanati ilikuwa Shelui, chini. Dorkas aliinua baiskeli, akazivua zile soksi mikononi, akapanda. Alishuka Sekenke yote akilia kwa sauti, akimwita mama yake kwa Kinyiramba, na alipofika chini watu walilazimika kumbandua vidole kwenye usukani wa baiskeli. Lakini alieleza sawasawa mtu yuko wapi, na walimkuta Antipasi hai.

Misigiri wakasema hofu imekwisha. Haikuisha. Agosti alishinda Iguguno. Septemba, Kiomboi, alikuwa wa pili. Oktoba alifika juu ya Sekenke akiwa wa kwanza, amewaacha wenzake mbali, na pale akashuka kwenye baiskeli, akatembea akiisukuma hadi kona ya tatu ikapita. Wanawake wanne walimpita wakipiga kengele. Baiskeli mpya ikaenda kwa msichana wa Ulemo.

Melkizedeki hakuelewa. Alimkumbusha kwamba Juni alishuka pale pale, tena vidole vikiwa na ganzi.

"Siku ile palikuwa na mtu, shemeji," Dorkas alimjibu. "Leo palikuwa na zawadi tu."

Antipasi alikuwa amekuja Shelui kuona mbio zikimalizika, ameketi mbele ya duka, mguu umenyooshwa. Alimuuliza Dorkas kama ameshuka na baiskeli mlima wote. Dorkas akasema hapana, ametembea. Antipasi akaitikia kwa kichwa, akamwambia kwamba tajiri wake amemwita kazini mara mbili, na mara zote mbili alifika hadi mlangoni pa lori, akashika kitasa, akarudi nyumbani. Hakuwa amemwambia mtu.

Wakakaa pale wakinywa chai mpaka jua likapoa. Dorkas alirudi Misigiri na lori la chumvi, akiwa amekaa mbele karibu na dereva, na wakati wa kupanda mlima hakufumba macho.