Kitambaa cha Kompyuta ya Shangazi

"Siichokonoi, shangazi, naiamsha kwa njia nyingine tu," nilimwambia, huku vidole vyangu vikikimbia juu ya kibodi kama vya mtu anayetafuta chawa.

Yeye akashikilia kwamba anayeamka hasumbuliwi, na mashine ni hivyo hivyo, ndo maana ya kwake imedumu. Imedumu kweli. Ila tangu Jumatatu haiwaki. Inafika kwenye kile kiduara, inazunguka weee mpaka wewe ndo unapata kizunguzungu.

Namsaidia kazi kwenye steshenari yake, barabara ya kumi na mbili. Ndani ya kompyuta ile kuna cheti changu cha kidato cha nne, nilikiskani mwaka jana. Chenyewe kililoa na masika nyumbani Mwera, sasa jina linasomeka nusu na alama hazisomeki kabisa. Wanaozijua alama zangu watasema afadhali. Lakini chuo cha uuguzi hakipokei nusu jina, na maombi yanafungwa kesho jioni. Fundi anakuja kesho saa nne kufuta kila kitu aanze upya. Nilimwomba aniokolee faili kwanza, akasema hana nafasi.

Dawa naijua. Unachomeka flashi yenye mfumo wake wa kuwashia kompyuta, na ninayo. Kompyuta ikianza tu, zile sekunde mbili tatu, unabonyeza kitufe fulani, inakuletea orodha ya pa kuwakia. Unachagua flashi, unachukua vitu vyako. Shida ni kitufe kipi, maana kila kompyuta ina chake. Nilibonyeza F2, F8, F9, mwisho nikabonyeza vyote kwa pamoja, ikalia pii. Shangazi akasema, "Umeona?"

Nikampigia fundi. Akasema kimeandikwa pale pale kwenye kioo, chini, inapoanza. Nikamwambia kwetu hakijaandikwa. Akacheka.

"Dada'angu, shule ulimaliza?"

Nikakata simu. Cheti ninacho, ila sinacho.

Sasa shangazi ana utaratibu wake. Kompyuta inalala imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akiiwasha anasema bismillahi, anasubiri, halafu ndo anakitoa, anakikunja mara nne, anakiweka juu ya printa. "Hata wewe sikufunui shuka kabla hujafumbua macho," aliniambia siku ya kwanza. Nikaona ni adabu, nikazoea.

Leo jioni nikamwomba tujaribu mara ya mwisho. Akawasha, bismillahi, akasubiri. Dukani kulishaanza kuingia giza, na kwenye matundu ya kitambaa, chini kushoto, nikaona maandishi meupe: F12. Yakapotea. Akakitoa, akakikunja mara nne. Kiduara kikaanza.

Miezi minane niliyofanya kazi hapa, maandishi yale yanatokea kila asubuhi, na kila asubuhi tumeyafunika kwa heshima zote. Na kitambaa nilikifuma mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili, zawadi yake ya Idi.

Nikamwambia tuwashe bila kitambaa. Akaniangalia kama nimesema tuingie msikitini na viatu. Magharibi ikaadhiniwa, akazima umeme ukutani, akafunga duka.

Sikubishana. Nimeamua kwamba kesho asubuhi saa moja nitakuwa mlangoni, nitampa shikamoo yake vizuri, nimwambie kitambaa kimechafuka, nakwenda kukiloweka. Kikishakuwa kwenye beseni, bismillahi nitaisema mimi, kidole kikiwa tayari juu ya F12.