Ndama Aliyekula Barua ya Chuo Kikuu

Baba aliniacha kwa bibi, kijijini Usevya, nikiwa na miaka sita. Alikuwa anahamishia ng'ombe bondeni pamoja na mke wake mpya, akaahidi kurudi mvua zikiisha. Mvua zimeisha mara nyingi mno tangu siku hiyo. Nilichunga ndama wa bibi asubuhi, nikasoma zamu ya mchana, na njaa nikaizoea kama jirani mkorofi. Hivyo hivyo nikafika chuo cha ualimu, na nilipokaribia kumaliza stashahada nikaomba nafasi chuo kikuu.

Jibu lilifikia sanduku la posta la mwenye duka mmoja wa Mpanda mjini, likapanda lori la mpunga hadi kwetu. Nimechaguliwa! Chini iliandikwa kwamba asiyefika na barua yenyewe hatapokelewa. Bibi, asiyejua a wala be, akaninyang'anya.

"Nyie wasomi mnapoteza vitu. Lete niitunze."

Akaitia anakotia kila chenye thamani: ndani ya kapu la chumvi ya ng'ombe. Mwizi gani angepekua huko?

Siku ya safari tulimkuta ndama kaangusha kapu, anatafuna taratibu, macho yamelegea kwa raha. Nilimpanua taya nikachomoa kilichobaki: jina langu na nusu ya muhuri, vimelowa mate. Nililia kwa hasira, na nikamwambia bibi maneno ambayo hadi leo nayaonea aibu. Alikianika kile kipande juani, akakifunga kwenye pindo la khanga yake, akanitanda nayo mabegani.

"Nenda nacho. Waambie mwenye kosa ni mimi."

Kwenye treni sikuliachia lile pindo. Dirishani pa usajili nikafungua fundo. Karani akanusa.

"Nani kaila?"

"Ndama, mzee. Lakini bibi anasema mwenye kosa ni yeye."

Alicheka mpaka akaita wenzake. Kisha akatafuta jina langu kwenye orodha, akalikuta, akaniandikisha.

Likizo ya kwanza nilishuka kwenye lori pale Usevya na kitambulisho mkononi. Nikampa bibi akitunze. Akalitazama kapu, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Nilijua hawatakupokea kwa sababu yangu," alisema. "Halafu nikajua wakikupokea, hutarudi, kama baba yako."

Mvua zilikuwa hata hazijaanza.