Ijumaa ya Nusunusu

Kaa vizuri unisikilize, ndugu yangu, maana nakupeleka Dubai, na sikupeleki kutazama majengo marefu. Hayo umeshayaona kwenye kalenda. Nakupeleka kwenye sebule moja ya mtaa wa Al Muraqqabat, mbele ya televisheni moja, kuitazama timu ya mpira wa Kimarekani ambayo mwaka ule haikuwa nzuri wala mbaya.

Nilikwenda kwa sababu dada yangu Rehema hakuwa ameonekana Tanga kwa miaka minne. Mama alisema, "Kama yeye haji, nenda wewe ukamtazame, uje uniambie kama amekonda." Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi ni mwalimu, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Rehema akanishughulikia viza ya matembezi. Jumatano nikapanda basi hadi Dar es Salaam, na Alhamisi alfajiri nikapaa.

Alhamisi mchana nikafika Oud Metha, mtaa mwingine wa Dubai. Rehema hakupata ruhusa ya kuja uwanja wa ndege, akanielekeza kwa simu: panda treni ya njia nyekundu, badilisha ya kijani, shuka, uliza kliniki ya meno. Ndiko anakofanya kazi ya usafi. Nikakaa kwenye viti vya wagonjwa na begi langu kumsubiri amalize zamu.

Mezani palikuwa na gazeti la Kiingereza la Jumanne. Katika ukurasa wa michezo, chini kabisa, nikaona mistari miwili kuhusu timu ya Rehema. Miaka yote alikuwa akiniandikia habari za timu hiyo, tangu enzi alipokuwa akilea watoto wa madam mmoja Mmarekani huko Mirdif. Madam alimfundisha mchezo huku yeye akipiga pasi nguo, na familia iliporudi kwao ikamwachia jezi pamoja na akaunti ya kuangalia mechi kwenye intaneti. Gazeti lilisema mechi ya mwisho wa msimu wamefungwa kwa pointi tatu. Nikaona hata kama ni habari mbaya, dada atafurahi kuona jina la timu yake limechapishwa. Nikamwomba mpokeaji wageni, nikachana kipande kile, nikakikunja na kukitia kwenye pochi.

Saa kumi alasiri tukawa kwenye treni, behewa la wanawake. Nikafungua pochi. Kabla sijakitoa kipande changu, Rehema akaanza.

"Mwalimu, umekuja wakati wenyewe. Kesho ndiyo mechi ya mwisho."

"Kesho? Si walicheza Jumapili?"

"Kwao walicheza Jumapili. Sisi tunacheza Ijumaa. Siku nyingine nafasi iko wapi? Toka Jumapili hadi Ijumaa sisomi habari, sifungui mtandao, na mtu akijua matokeo anafunga mdomo. Pale nyumbani ndiyo sheria."

Nikaifunga pochi taratibu.

Akanieleza lililokuwapo, nami nakueleza wewe. Nyumbani kwao wanaishi wanawake sita, na televisheni ni moja. Ijumaa, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, ilikuwa ya Rehema. Mwenzake Njeri, Mkenya anayeuza manukato dukani, alitaka saa hizo kwa tamthilia yake ya Kituruki. Msimu ulipoanza wakawekeana ahadi. Timu hucheza mechi kumi na sita. Ya Rehema ikishinda nane, yaani nusu, Ijumaa inabaki yake. Ikipungua, Ijumaa inahamia kwa Njeri. Tangu hapo Njeri akaibatiza timu jina la Nusunusu. Sasa ilikuwa imeshinda saba na kufungwa nane.

"Imebaki moja," Rehema alisema. "Na kesho tunashinda, inshallah."

Nikatazama dirishani hadi tuliposhuka.

Ijumaa, baada ya sala na pilau, tukakusanyika sebuleni. Rimoti alikuwa nayo Bi Shani, Mzanzibari mtu mzima anayewapikia, ameifunga kwenye pindo la kanga ili mtu asije akaipora.

"Rehe, leo ni leo," Njeri alisema. "Hiyo team yako imechoka, hata jezi zao zimechoka."

"Kaa chini, Njeri. Uliye na uchungu wa tamthilia usiyoielewa hata neno moja."

"Mimi naelewa mapenzi. Hayahitaji kamusi."

Sasa nikueleze mchezo, wala usiogope, ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi kumi. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira wanachukua wapinzani. Kwa hiyo jaribio la nne likifika, timu nyingi haziendi mbele. Zinaupiga mpira mbali kwa mguu, au kama goli liko karibu, zinalenga kati ya nguzo na kuchukua pointi tatu za uhakika. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi sita. Umeshaelewa.

Nusunusu wakaongoza. Rehema akawa anaruka, Bi Shani anashangilia bila kujua anashangilia nini, nami nimekaa kama mtu aliyemeza jiwe. Dada akageuka kunipa mkono wa furaha, akaniona. Tumelala mkeka mmoja utoto wote, ningemficha nini?

"Unajua," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Dada, mimi niliona tu kwenye..."

"Usiseme! Wewe unajua. Mimi bado. Sogea hapa ukae."

Njeri akacheka. "Ameshajua! Sura ya mwalimu ni ya msiba. Khalas, imeisha, Bi Shani, leta rimoti."

"Mpira haujaisha," Rehema alisema. "Hata kama dunia nzima imeshajua, hapa haujaisha."

Bi Shani akalikaza fundo la kanga.

Wapinzani wakarudisha, wakapita kwa pointi tatu. Sekunde za mwisho Nusunusu wakafika karibu kabisa na mwisho wa uwanja. Jaribio la nne. Wangepiga kati ya nguzo, wangesawazisha na mechi ingeongezwa muda. Kocha akakataa. Wakajipanga kwenda mbele. Mchezaji akaubeba mpira, akajitupa kwenye lundo la watu, akasimamishwa. Upungufu ulikuwa shubiri moja.

Njeri hakupiga kelele. Rehema aliendelea kutazama mpaka wachezaji walipomaliza kupeana mikono. Ndipo akasema, "Mpe rimoti, Bi Shani. Ahadi ni ahadi." Akaingia chumbani, akatoka amevaa jezi ya timu juu ya dera. "Mwalimu, twende tukanywe chai ya karaki."

"Umefungwa na unavaa?" Njeri aliuliza.

"Siku ya kushinda kila mtu anavaa."

Tukapita mtaa mzima, yeye kifua mbele. Kwenye meza ya chai hiyo ya maziwa na iliki nikamtolea kile kipande cha gazeti. Akakisoma, akakigeuza upande wa pili kutafuta mengine.

"Mistari miwili? Jaribio la nne liko wapi? Hawa hawajaiona mechi."

Tuliporudi, tamthilia ilikuwa inaendelea, lakini Njeri alikuwa na lake moyoni. "Aki Rehe, mbona hawakupiga tu wapate sare?"

"Walitaka kushinda."

"Na wamepoteza."

"Septemba wanaanza tena. Nitaangalia kwenye simu, jikoni."

"Jikoni kwangu?" Bi Shani alidakia. "Basi uje na kisu, ukate vitunguu."

"Na mimi nitakuja tu kuwacheka," Njeri alisema.

Wiki mbili baadaye nikarudi Tanga. Nikamwambia mama kwamba Rehema hajakonda hata kidogo, wala hainami. Lakini mama alipouliza habari za timu, sikumpa matokeo kwanza. Nilianzia mwanzo, nikamfikisha mpaka kwenye lile jaribio la nne, naye akashika kichwa.

Basi nawe ukifika kwa mwenyeji wako na habari mkononi, iache kwenye pochi. Muulize kwanza: "Umeshaangalia?" Akisema bado, kaa naye, unyamaze, muitazame mechi pamoja mpaka mwisho.