Mama Cheche na ndoo ya koili alizozihukumu

Saa sita mchana, jua linakaanga mabati, na Mama Cheche amejifunika blanketi.

Hana homa. Ameinamia injini ya pampu ya maji iliyofungwa kwenye benchi lake la kazi, na blanketi zito la kijivu limemfunika yeye na injini yake. Kutoka humo ndani anaamuru: "Vuta!"

Nje, mshonaji wa kibanda cha jirani anavuta kamba ya kuwashia kwa nguvu zote. Injini haiwaki, na haitakiwi kuwaka. Mafuta yamefungwa, plagi imefunguliwa na kulazwa juu ya chuma ili cheche yake ionekane gizani. Kisha blanketi linaanza kucheka.

"Buluu," linasema. "Buluu ya kuchoma. Haya, na hii shemeji ameshinda."

Shemeji mwenyewe amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono kifuani, uso umekunjwa. Ni mdogo wa mumewe, mwenye duka la vipuri mtaa wa pili, na kwa miezi kadhaa wawili hawa hawakupeana hata salamu. Mbele yake kuna ndoo iliyojaa koili, vile vidude vyeusi vinavyoipa plagi umeme wake. Zote alizileta yeye. Zote Mama Cheche alizikataa, akazitangaza feki mbele za watu, akaziweka kama ushahidi.

Leo anazipima upya, mwenye mali akishuhudia. "Nataka nijue kama bado ni fundi," anasema akijipangusa jasho, "au kama nimebakiwa na jina tu."

Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa akijifunza kazi kwa mjomba wake, mtengenezaji wa mashine za kusaga nafaka. Siku moja petroli iliyomwagika ilikutana na cheche, na nyusi zake zote mbili zikaenda na maji. Ziliota tena. Jina likabaki.

Ukimuuliza koili inafanyaje kazi, weka mzigo chini kabisa, maana hutaondoka upesi. Atakuonyesha gurudumu lenye sumaku linalozunguka, na koili iliyokaa pembeni yake. Kati ya viwili hivyo anapitisha kipande cha kadi ngumu, halafu ndipo anakaza skrubu na kuichomoa kadi, pengo libaki. Pengo likizidi, cheche inakosa nguvu. Lisipokuwepo, vyuma vinasagana.

"Sumaku haigusi koili hata kidogo. Inapita tu jirani yake, na moto unazaliwa," anasema. "Nimezeeka na kazi hii na bado nashangaa."

Sheria ya mjomba ilikuwa fupi. Usilaumu koili kabla hujauchomoa waya wa swichi ya kuzimia, kwa sababu waya huo ukichubuka na kugusa chuma, unaua cheche sawasawa na koili iliyokufa. Baada ya waya, tazama plagi. Baada ya plagi, kutu kwenye sumaku. Koili iwe ya mwisho. Na kuijua afya yake, ingia gizani: cheche nene ya buluu ni nzima, nyembamba ya njano ni mgonjwa.

Kwa miaka mingi blanketi lilimlisha. Jenereta, pampu, misumeno ya kukatia miti, vyote vilipita humo. Siku nzuri alirudi nyumbani na chakula na cha kuweka akiba. Siku mbaya alirudi na chakula tu, na alishukuru.

Halafu dunia ikaanza kumtolea cheche za njano.

Ilianza koili moja, ikafuata ya pili. Akabadilisha, akafunga mpya, akaingia chini ya blanketi: njano. Akatuma nyingine iletwe. Njano! Kwa nini ahangaike na waya na plagi wakati mgonjwa yuko mbele yake? Sheria ya mjomba ikajaa vumbi. Akaenda dukani kwa shemeji yake, na kwa kuwa mdomo haujawahi kumpungukia, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza makaa kwenye maboksi mazuri. Shemeji alikuja juu. Mume akabaki katikati, kila upande unamtaka aseme neno, naye akawa anatazama dari.

Aliyeufumbua mkasa huu ni mkulima wa mboga, mwenye pampu iliyozima kila ikipata moto. Kwa kawaida mteja huvuta kamba na fundi hutazama. Siku hiyo, alipoambiwa kwamba koili yake ya tatu nayo ni feki, mkono ulikuwa unamuuma na mboga zilikuwa zinanyauka shambani. Akasema sasa fundi avute, yeye aingie akaione hiyo njano.

Akaingia. Mama Cheche akavuta.

"Fundi," sauti ikatoka chini ya blanketi, taratibu, "mbona hii ni buluu?"

Mama Cheche alimcheka. Akamwita mshonaji, mtu anayeishi kwa rangi, aje amuumbue mkulima. Mshonaji akaingia, akatoka na nywele zimevurugika, akaenda kibandani kwake na kurudi na uzi wa buluu wa cherehani.

"Dada, ni kama huu. Huu unauona rangi gani?"

Mama Cheche alisema kijivu. Mshonaji akamshika mkono. Alikuwa ameanza kushuku tangu Mama Cheche aliposifu gauni jipya jeusi kibandani kwake ambalo halikuwa jeusi hata kidogo, lakini alidhani ni utani.

"Sikuogopa upofu kwanza," Mama Cheche anakumbuka. "Nilimwogopa shemeji."

Pampu ya mkulima, kwa taarifa yako, ilikuwa na waya wa swichi uliochubuka. Injini ikitikisika, waya unagusa chuma na cheche inakatika. Ulifungwa utepe, na maji yakafika shambani jioni ileile.

Hospitalini aliambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kioo cha ndani ya jicho kilikuwa kimeiva na kugeuka rangi, kikawa kinameza buluu yote. "Na uzee huu, naambiwa nina mtoto," anatania. La kulia limekwisha kupasuliwa. La kushoto lina zamu yake mwezi ujao. Kwa sasa anafumba moja, anafungua jingine, na cheche ileile inageuka buluu, njano, buluu. Anaweza kucheza hivyo kama mtoto hadi mshonaji alalamikie mkono.

Koili ya mwisho inafungwa. Mshonaji anavuta.

"Njano," anasema Mama Cheche. Anatoka, anamsukuma mshonaji ndani, na mshonaji anathibitisha: njano, tena dhaifu. Ndoo nzima, na mbovu ni hiyo moja.

Mama Cheche anakaa chini mbele ya kigoda cha shemeji yake. Hatanii tena.

"Shemeji, nilikupaka matope mbele za watu, na macho ni yangu. Nisamehe. Kesho nitakuja dukani niseme vivyo hivyo, wateja wakiwepo."

Shemeji anaokota koili moja ndooni. Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kidogo, hiyo tofauti yenyewe inaonekanaje. Ameuza koili nusu ya maisha yake. Cheche hajawahi kuiona.

Mama Cheche anafunga koili nzima, anamfunika blanketi kwa mikono yake mwenyewe, anashika kamba na kuvuta.

Nje watu wanasubiri.

"Shemeji," anasema mtu wa chini ya blanketi, "vuta tena."