Nyumba Yangu Ilivyohamia Mashewa

Binti yangu anaishi Mashewa, mimi niko Kwedizinga. Kazi ilimbana, mavuno mazima hajaja kuniona.

Kazi yenyewe ni ramani. Katengeneza kitu anakiita kanzidata, mimi nakiita ghala: nyumba, visima na njia zote zimo, na ukipewa ruhusa unarekebisha kwa simu ukiwa kwako, naye anaona palepale. Akanipa ruhusa, maana njia za huku nazijua tangu milima haijaota.

Nikaikuta nyumba yangu humo, ndogo kama punje ya mtama. Nikaigusa kwa kidole hiki cha jembe. Ikateleza! Ikaruka mashamba yote, ikatua ubavuni mwa nyumba yake.

Simu ikalia.

"Shikamoo baba. Mbona nyumba yako iko uani kwangu?"

"Marahaba mama. Imekuja kukusalimia. Wewe si huji?"

Akacheka. "Baba, watu wanaitegemea hiyo ramani. Irudishe."

"Kidole kimegoma. Njoo uirudishe mwenyewe."

Jumamosi akaja. Akairudisha kufumba na kufumbua. Nikampikia bada, ugali wetu wa muhogo, tukala, tukacheka mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Jua likiinama, akashika mkoba.

"Subiri mama," nikasema. "Na choo je? Nacho kiliifuata nyumba."

Akatazama simu. "Baba, choo kipo."

"Angalia vizuri."

Akanitazama mimi. Akaweka mkoba chini, akaketi tena, akaanza kukitafuta taratibu.